Nusu Mbili za Kompyuta

Ado na Gichunge walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kompyuta itakaa chumbani kwa Gichunge, na hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho walilokubaliana bila kubishana.

Walikuwa wamesoma sekondari moja, na wenzao walipotawanyika kwenda Nairobi na Nanyuki, wao wawili walibaki Isiolo. Ado alipata kazi katika duka la dawa za mifugo nyuma ya stendi. Gichunge akawa karani katika ofisi ya serikali, idara ambayo mama yake Ado alimuuliza habari zake mara nyingi, akajibiwa kila mara, na hakuwahi kuelewa inafanya kazi gani. Jioni walikutana kwa Sahro.

Sahro alikuwa mwanamke wa Kisomali ambaye babu yake alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza na hakurudi alikotoka. Mbele ya duka lake aliuza chaja na vifuniko vya simu. Nyuma, ng'ambo ya pazia, aliweka televisheni mbili za kuchezea mpira wa kompyuta, unalipa kwa mechi. Vijana wote walimwita Abayo, yaani dada, hata wale waliomwogopa. Televisheni zake zilikuwa nzima, lakini kile kidude cha kushikwa mkononi upande wa kushoto kilikuwa kimechoka kitufe cha kupiga shuti, hivi kwamba aliyekaa kushoto aliweza kupasia tu. Gichunge alikuwa amekaa kushoto kwa muda mrefu. Alikuwa amekuwa hodari sana wa pasi.

Ndipo wakaamua kujenga kompyuta yao wenyewe ya michezo. Si kununua, kujenga, kwa sababu iliyokwisha kujengwa ilikuwa na bei ya pikipiki.

Ado alikuwa mtu wa kusoma maoni ya watu mpaka mwisho. Alitazama video za Wahindi na Wabrazili waliojenga mashine katika vyumba vyenye joto, akawaamini kuliko Wazungu, maana Wazungu walizungumzia joto la chumba ambalo Isiolo hulipata kidogo tu kabla ya adhana ya alfajiri. Alisoma habari za feni, za vumbi, na za umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo. Gichunge naye aliamini macho. Kitu kizuri, alisema, kinaonekana kizuri. Ukihitaji mtu akueleze uzuri wake, ujue kuna shida.

Wakabishana. Ado alitaka wanunue kompyuta kuukuu ya ofisini kutoka ng'ambo, waongeze kadi ya picha, basi. Gichunge alisema yeye anashinda ofisini mchana kutwa na hakusudii kurudi nyumbani akute ofisi nyingine mezani. Ado alisema prosesa, ule ubongo wa mashine, ndiyo ichaguliwe kwanza. Gichunge alisema ni kadi ya picha, kwa sababu mchezo ni picha. Ado alieleza kwamba kadi kubwa ikiunganishwa na prosesa dhaifu ni kama kumpa punda mkokoteni wa ng'ombe. Gichunge alijibu kwamba amewaona punda wa Isiolo, na wanavuta.

Mwishowe waligawana kama watu wanavyogawana ng'ombe wa Idd. Ado atanunua madabodi, ule ubao ambao kila kitu hushikizwa juu yake, pamoja na prosesa, ram na diski. Gichunge atanunua kadi ya picha, pawa saplai, kasha na skrini. Kila mmoja atanunua kwa pesa zake na kwa akili zake. Wakati huo hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo.

Ado alichagua kiangazi kizima. Nusura anunue prosesa isiyoingia kwenye bodi aliyoipenda. Aligundua dukani kwao, mteja akiwa amesimama mbele yake akingoja dawa ya minyoo, na furaha ya kugundua ikamfanya ampunguzie yule mzee bei bila ruhusa. Vifaa vilipofika kutoka Nairobi kwa basi, aliviendea mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi. Alikataa bodaboda kwa sababu ya matuta, akatembea hadi kwao, mtaa wa Bula Pesa, akiwa amekumbatia katoni, akiwasalimia watu kwa kichwa.

Siku ya kuunganisha ilikuwa Jumapili. Gichunge alitoka kanisani, akavua shati lake la kanisani, akalitundika, akabaki na fulana. Ado alifika baada ya swala ya adhuhuri. Dada yake Gichunge, Kaari, alikuwa amekuja kutoka Meru kumtembelea, akawa ameketi mlangoni akimenya viazi.

Kasha lilikuwa la kioo ubavuni, na ndani lilikuwa na feni zenye taa zilizobadilika rangi. Ado alilitazama, akachukua bisibisi. Alifunga bodi yake ndani, skrubu moja baada ya nyingine, akaweka kadi ya picha ya Gichunge, ambayo ilikuwa imetumika lakini safi, akaisifu kwa dhati. Kisha Gichunge akampa pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani ya mashine. Ado alikipokea kwa mikono miwili kwa sababu video zote zilisema ni kizito. Mikono yake ikapanda juu.

"Hii umenunua wapi?" akauliza.

"Meru."

"Haina jina."

"Ina stika."

Ilikuwa nayo. Stika ilitaja nguvu kwa tarakimu kubwa na kampuni kwa herufi ndogo sana, kama mtu anayejitambulisha huku anaondoka.

"Ni nyepesi," Ado akasema. "Hii kitu ikiungua haiungui peke yake. Inaenda na bodi, inaenda na kila kitu."

"Kwani unapima mbuzi ama unajenga kompyuta?"

Ado angeweza kunyamaza hapo. Baadaye alifikiri sana juu ya pale mahali ambapo angeweza kunyamaza, akakuta ni pana, pangetosha hata mtu asiye na haraka. Lakini alikitikisa kile kisanduku karibu na sikio lake, akasema, "Pesa yote imeenda kwa taa. Umenunua disko."

Kaari akacheka. Hakukusudia ubaya, lilikuwa neno la kuchekesha, naye alikuwa ameketi na viazi tangu asubuhi. Lakini Gichunge alimtazama dada yake, halafu akamtazama Ado, na uso wake ukawa ule anaowapa watu wanaofika ofisini saa ya kufunga.

"Toa bodi yako," akasema.

Ado akaanza kuitoa. Alipofika katikati stima ikapotea, na chumba kikawa giza kwa sababu Gichunge alifunga pazia kuzuia vumbi. Gichunge akawasha tochi ya simu, akammulikia ili asikwaruze kitu. Hata hivyo bisibisi iliteleza ikaacha alama ndogo kando ya tundu la kadi. Gichunge akasema pole. Ado akasema si kitu. Gichunge akamsaidia kufunga katoni, akamsindikiza hadi getini kama mgeni yeyote, wakapeana mikono. Baada ya hapo hawakusemezana tena mpaka mvua ikaja na ikaisha.

Isiolo si mji mkubwa, na kumkwepa mtu ndani yake ni kazi inayohitaji bidii ya pande zote mbili. Ado alibadilisha njia ya kwenda kazini. Kwa Sahro aliacha kwenda jioni, akawa anapita mchana, wakati Gichunge yuko ofisini. Siku moja walijikuta kwenye foleni moja ya benki, na Gichunge akazama katika simu yake. Ado aliiona ile simu vizuri. Ilikuwa imezimwa.

Katoni ilikaa chini ya kitanda. Dima, binamu yake Ado kutoka Kinna, alikuja mjini kwa shughuli ya shamba akalala chumbani humo, na usiku wa kwanza akagonga mguu kwenye katoni, akauliza ni nini.

"Kompyuta," Ado akasema.

"Inaonyesha mpira?"

"Haina skrini."

"Inatoa sauti?"

"Hapana."

Dima akafikiri. Alikuwa mtu wa kilimo cha kumwagilia na hakupenda kumhukumu mtu kabla ya mavuno. "Sasa inafanya nini?"

"Inangoja," Ado akasema.

Mama yake hakuuliza kuhusu katoni. Aliuliza kuhusu Gichunge. Kila Idd Gichunge alikuja kula kwao, akikaa karibu na sahani ya nyama bila kuona haya, na mama alimpenda kwa hilo. Safari hii hakuja. Ado alisema ana kazi nyingi. Mama akasema kazi gani, lakini kwa vile hakuwahi kuielewa kazi yenyewe, hakuwa na la kuongeza. Akafunika pilau kwenye bakuli akampa mtoto wa jirani apeleke. Bakuli lilirudi siku iliyofuata, limeoshwa, na ndani yake kulikuwa na maparachichi, maana bakuli halirudishwi tupu. Ado alikula nusu parachichi kwa chumvi. Lilikuwa limeiva vizuri sana, jambo lililomuudhi.

Baada ya hapo alikuwa akifungua katoni mara kwa mara na kuifunga. Alikuwa amesoma kwamba vifaa vya kompyuta huzeeka hata vikiwa vimelala, si kwa kuharibika bali kwa kupitwa, na kila wiki simu yake ilimletea habari za bodi mpya. Angeweza kununua kasha lingine na kadi nyingine, lakini ada za shule za mdogo wake zilikuwa zinadaiwa, na kwa kweli hakutaka kadi nyingine. Ile aliisifu kwa sababu ilikuwa nzuri.

Basi mchana mmoja akaenda kwa Sahro. Alimkuta akibandika kioo cha kukinga simu, akikisugua kwa kadi kuukuu ya benki kuondoa mapovu ya hewa. Akasalimu, akazungumzia jua, akazungumzia bei ya mbuzi, kisha akamwomba amtafutie mtu. Kuna jamaa, alisema, anaitwa Gichunge, ana kasha na skrini na kadi ya picha. Amuulize kama anauza. Asimtaje anayenunua.

Sahro hakuinua macho. "Na pawa saplai?"

Ado alisita. Alishangaa kwamba Abayo anajua mambo ya pawa saplai. "Hiyo abaki nayo," akasema.

Baada ya siku chache Sahro alimwambia kwamba mwenye vitu hauzi. Hakueleza zaidi. Alisugua kioo kingine, kisha akasema kwamba kama Ado mwenyewe ana bodi na prosesa zimelala, yupo mtu angeweza kuzichukua. Bodi ni kama maziwa, alisema. Ukiyaweka ukingoja mgeni, mgeni atakuja akute yamechacha. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kawaida tu, na Ado aliikubali haraka kuliko alivyokusudia. Alipeleka katoni jioni ile ile, akarudi nyumbani mikono mitupu, akalala upande ule wa kitanda ambao zamani katoni ilikuwa chini yake. Hakujua kwa nini.

Wiki iliyofuata alipita dukani kununua chaja. Nyuma, kando ya zile televisheni mbili, palikuwa na meza mpya, na juu ya meza kulikuwa na skrini pana ajabu, na kando yake kasha la kioo lililokuwa likibadilika kutoka kijani kwenda zambarau. Ado alisogea. Kupitia kile kioo alichokidharau aliiona bodi yake, na kando ya tundu la kadi aliiona ile alama ndogo ya bisibisi.

"Nani aliunganisha?" akauliza.

"Mimi," Sahro akasema. "Nilitazama video. Ilinichukua asubuhi moja. Hakukuwa na mtu wa kubishana naye."

Ado akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia tu, kama pawa saplai ni ileile iliyokuja na kasha. Sahro akasema ni ileile.

Tangu siku hiyo Ado alirudi kwa Sahro kila jioni, maana alisikia kwamba Gichunge naye ameacha kuja. Alijiambia kwamba anakwenda kucheza, na alicheza, saa yake moja aliyolipia, lakini mara nyingi alikuwa akinusa. Alikuwa akingoja harufu ya kuungua. Alikuwa ameiona katika video jinsi inavyoanza: kwanza harufu, kisha mlio, kisha mashine nzima inanyamaza. Alikwisha kuandaa maneno atakayosema. Yalikuwa maneno ya upole. Mashine haikuungua. Stima ilipotea na kurudi kwa kishindo chake cha kawaida, taa za mtaa mzima zikatetemeka, na kompyuta ikawaka tena, zambarau, kama haikusikia kitu. Vumbi la alasiri liliingia kupitia pazia. Feni zikazunguka. Ado alienda nyumbani akiwa amesikitika, na hakuweza kumweleza mtu ni kwa nini, kwa sababu ukiyasema kwa sauti, ni aibu: alikuwa akiiombea mabaya bodi yake mwenyewe.

Jioni moja alifika akakuta kiti kimekaliwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye alikuwa amelipia saa moja, na kwenye benchi la kungojea alikuwa ameketi Gichunge.

Benchi lilikuwa moja. Ado akasalimu, "Habari," ile salamu ya watu wasiojuana, kwa heshima. Gichunge akajibu, "Aleikum salaam," ingawa hakusalimiwa hivyo, na hilo likawachanganya wote wawili kidogo. Ado akaketi. Wakatazama mgongo wa mwalimu. Mwalimu alikuwa akiendesha gari la mashindano na kuligonga kwenye ukuta uleule kila mzunguko.

"Haijaungua," Gichunge akasema.

"Bado," Ado akasema.

Gichunge akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la haki. Kisha akasema kwamba yeye alimtuma Sahro kwa Ado, kabla ya Idd, akanunue bodi na prosesa, akaambiwa mwenyewe hauzi. Ado akamgeukia. Akasema hakuna aliyemuuliza chochote kabla ya Idd. Akasema yeye ndiye aliyemtuma Sahro kwa Gichunge, baada ya Idd, na akaambiwa vilevile.

Wakageuka wote kumtazama Sahro. Alikuwa mbele akihesabu vifuniko vya simu, akaona anatazamwa, akaja hadi kwenye pazia.

"Nyinyi wawili mlikuja hapa kununua," akasema. "Hakuna aliyekuja kuuza. Soko la wanunuzi watupu haliendi popote. Nikanunua mimi, nusu zote mbili."

"Lakini ulisema ulimuuliza," Ado akasema.

"Nilisema hauzi. Alikuwa anauza?"

Sahro akarudi kwenye vifuniko vyake.

Mwalimu akagonga ukuta. Ado akaitazama ile skrini juu ya bega la mwalimu. Ilikuwa pana kweli. Alikuwa ameichezea wiki nzima na hakuwahi kujiuliza kwa nini ni pana hivyo. Kwa mashine ya bei yao, skrini nusu ya hiyo ingetosha. Akauliza Gichunge aliipata wapi.

Gichunge akajibu akiwa ametazama magoti yake. Alisema lile kasha lilikuwa la bei rahisi kuliko yote dukani, kwa vile mteja mwingine alilikataa. Taa zilikuja nalo tu. Pesa haikwenda kwa taa. Ilikwenda kwa skrini. Alipofika kwenye pawa saplai zilikuwa zimebaki kidogo, akachukua iliyokuwepo.

"Kwa nini skrini kubwa hivyo?" Ado akauliza.

"Si tungekuwa wawili," Gichunge akasema. "Ndogo ingebidi mtu aangalie akiwa kando."

Yale maneno ya upole aliyoyaandaa Ado hayakufaa kwa jambo hili. Yalikuwa yameandaliwa kwa moto. Alikumbuka kicheko cha Kaari na uso wa Gichunge, akaona kwamba siku ile hakuuliza swali lolote ila moja tu, la mahali kilipouzwa kisanduku.

"Ningeuliza," akasema hatimaye.

"Ungeuliza," Gichunge akakubali. "Na mimi ningesema. Lakini ulikuwa umeshaiita disko."

"Ilikuwa disko kidogo."

Gichunge akaitazama mashine, ambayo wakati huo ilikuwa nyekundu. "Kidogo," akasema.

Saa ya mwalimu ilipoisha, aliomba aongezewe nusu saa, kwa sababu alihisi sasa ameanza kuelewa. Sahro akaongeza. Ado na Gichunge wakasogeza benchi karibu ili waone vizuri. Gari likakaribia ule ukuta, na Gichunge akamwambia mwalimu apunguze mwendo kabla ya kona. Ado akasema hapana, asipunguze, aikate kona kutoka ndani. Gichunge akasema akiikata kutoka ndani atagonga upande wa pili. Mwalimu, aliyezoea kuwa yeye ndiye anayefundisha, akajaribu kuwafuata wote wawili kwa wakati mmoja, akatoka nje ya barabara kabisa. Sahro akaja akawaambia kwamba anayelipa ni mwalimu, na kama wanataka kubishana, barabara iko nje.

Wakatoka. Upepo ulikuwa umeanza na watu walikuwa wakipita wamefunika midomo kwa vitambaa. Waligeukia upande wa Bula Pesa bila kuulizana. Gichunge alisema ile kona inahitaji breki, na kwamba hata dereva wa lori la Moyale angemwambia hivyo. Ado akasema dereva wa lori la Moyale hajui breki ni nini. Walipofika kwa kina Ado, mama alikuwa mlangoni akianua nguo kabla vumbi halijazifikia. Alimtazama Gichunge, akampa sehemu ya nguo azishike, akamuuliza kazi ya ofisini inaendeleaje.

Gichunge akamweleza. Alieleza kwa kirefu, akiwa amesimama na mashuka mikononi, na mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema waingie, chai iko.